Mkweche Wako na Boksi la Spana: Nini Ununue Kwanza?

Ukipita kwenye maegesho ya chuo siku hizi utaona kwamba magari si ya wahadhiri peke yao. Kuna Vitz, kuna IST, kuna Passo. Ukiuliza utaambiwa hili ni la mwanachuo anayetoka kazini na kuja darasani jioni, lile ni la familia, limeachwa huku kwa semesta moja, na lile pale kwenye kivuli wamechanga ndugu wawili. Mengi ya magari haya yana historia inayofanana: yalitembea Japani miaka kadhaa, yakapanda meli, yakatembea Dar es Salaam miaka mingine mingi, na sasa yamemfikia mtu ambaye bajeti yake yote ni bumu.

Mtu huyu akisikia mlio mpya chini ya boneti, moyo unamdunda kuliko siku ya matokeo. Gereji ina gharama zake, na ubaya zaidi ni kwamba yeye hana namna ya kujua kama anachoambiwa na fundi ndicho chenyewe. Basi anaamua kujitengenezea. Akiwa kwenye foleni ya taa pale Ubungo au Mwenge, anapita machinga na boksi la plastiki lililojaa spana zinazong'aa, vipande zaidi ya mia, bei ya kutupa. Anaona bahati imemdondokea.

Kabla hujashusha kioo, subiri kidogo. Tusidanganyane: nusu ya vipande vilivyo kwenye lile boksi hutavigusa mpaka uhitimu, na vile utakavyovihitaji zaidi havimo. Hoja ya makala haya ni fupi. Vifaa vya kwanza vya mwenye gari kuukuu ni vya kupimia. Vya kufungulia vinafuata, na vinachaguliwa kwa kuangalia gari lako na kazi utakazozifanya kweli. Kisha kuna kifaa kimoja ambacho usikinunue cha bei chee hata kama umepungukiwa vipi, maana uhai wako utakuwa chini yake.

Anza na kazi

Chukua karatasi uandike kazi ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzifanya mwenyewe bila kuhatarisha gari wala roho. Orodha haitakuwa ndefu. Kupima na kujaza upepo. Kubadili tairi lenye pancha. Kuangalia oili ya injini, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Kusafisha vichwa vya betri na kubadili betri yenyewe. Kubadili chujio la hewa, fyuzi na balbu. Kubadili plagi. Mwisho kabisa, kwa mwenye sehemu ya sakafu tambarare na utulivu, kumwaga oili na kubadili chujio lake.

Sasa angalia kila kazi inataka nini. Tuchukue mfano wa IST ya toleo la kwanza, zile zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zenye injini za familia ya NZ. Vichwa vya betri vinafunguliwa kwa spana namba 10. Koili zilizokaa juu ya plagi zimeshikwa na bolti za namba 10. Plagi zenyewe zinataka boksi refu la namba 16. Bolti ya kumwagia oili ni namba 14. Nati za tairi ni namba 21. Boksi la chujio la hewa linafunguka kwa vidole, maana limeshikwa na vibanio tu.

Hesabu mwenyewe: namba nne zimemaliza karibu kazi zote. Ndiyo maana mafundi wengi wa magari ya Kijapani wakipoteza spana namba 10 siku inaharibika. Magari hayo hupenda namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa matairi. Kama gari lako ni la Kijerumani mambo yanabadilika: hapo utakutana na namba 13, 15, 16 na 18, na vichwa vya bolti vyenye umbo la nyota ambavyo spana ya kawaida haiingii. Ndiyo sababu ya kuanza na gari lako. Rafiki yako mwenye Volkswagen akikusifia seti yake, mshukuru, lakini usiinunue kwa ajili ya IST.

Vifaa vinavyokupa macho

Fundi mzoefu hutegemea masikio, pua na kumbukumbu ya magari mengi aliyoyafungua. Wewe huna kumbukumbu hiyo, kwa hiyo unahitaji kitu kinachokupa namba. Vipimo vitatu vinatosha kuanzia.

Cha kwanza ni geji ya upepo. Ni kidogo kama kalamu, au cha duara chenye mshale, na bei yake ni ya milo michache ya kantini. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango: kuna kibandiko kinachoeleza upepo unaotakiwa. Kwa magari ya Japani mara nyingi kimeandikwa kwa kilopaskali. Ukikuta 220, hiyo ni sawa na 32 kwa kipimo cha psi ambacho vijana wa upepo wanakitumia. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto hewa ya ndani inatanuka na namba inapanda. Tairi lenye upepo mdogo linakula mafuta, linalika pembeni na linapata joto kupita kiasi kwenye safari ndefu. Na tairi lililopata joto kupita kiasi ndilo linalopasuka ukiwa mwendo wa kasi, gari limejaa wenzako mnarudi nyumbani likizo. Usisahau tairi la akiba. Kama ni lile jembamba la muda, linataka upepo mwingi zaidi, kilopaskali 420, yaani 60 psi. Wengi hugundua siku ya pancha kwamba limelala miaka mingi bila hewa.

Cha pili ni mita ya umeme, ile mafundi wa redio wanayoitumia. Hata ya bei ya chini inatosha, maana hapa hatupimi mitambo ya kituo cha umeme. Iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, alama ya 20, kisha gusisha waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma chini ya 12 imeisha. Sasa washa gari upime tena. Namba inatakiwa ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi, kwa sababu altaneta sasa inachaji.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu gari likigoma kuwaka asubuhi, jibu la haraka la mtaani ni moja: betri imekufa, nunua nyingine. Unanunua. Baada ya siku tatu mpya nayo imezima. Kumbe betri haikuwa na kosa. Altaneta ndiyo haikuwa inachaji. Mita ingekuambia hivyo kwa nusu dakika: gari linaunguruma lakini namba imebaki 12.3 na inazidi kushuka. Fedha ya betri moja inanunua mita kadhaa.

Mita hiyohiyo ina sehemu ya mlio. Chomoa fyuzi, gusisha ncha zake mbili. Ikilia ni nzima, isipolia imekatika. Weka nyingine yenye namba ileile ya ampea. Fyuzi ikikatika tena, ujue kuna waya unaogusana mahali fulani, na suluhisho si kuweka fyuzi kubwa zaidi wala kuifunga na karatasi ya sigara. Fyuzi ipo ili ikatike yenyewe kabla waya haujaungua ndani ya dashibodi.

Cha tatu ni tochi ya kuvaa kichwani. Utacheka, lakini nusu ya utengenezaji wa gari ni kuona. Simu unayoishika kwa meno haikuoneshi oili inavuja wapi, na ikidondoka ndani ya injini una kazi mbili.

Kuna mtu atauliza: vipi kile kifaa cha kusoma taa ya cheki-injini, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu? Ni kizuri, ila kuwa mwangalifu. Baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu la umbo lilelile, lakini hayaelewani na kila kisomeo. Mwambie muuzaji mkijaribu kwenye gari lako kwanza ndipo ulipe. Na kikikupa namba ya hitilafu, namba hiyo inakuambia sehemu ya kuanzia kutafuta. Haijasema bado kipuri gani ununue.

Vya kufungulia: vichache lakini vya kweli

Ukishajua tatizo liko wapi, ndipo unahitaji spana. Kwa mwanzo chukua spana za kawaida, zile zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, kuanzia namba 8 hadi 19. Mdomo wazi ni wa kufikia sehemu finyu, ringi ni ya nguvu. Nati ikikaza, tumia ringi, maana inashika pembe zote kwa pamoja. Mdomo wazi unashika pande mbili tu, na ukiulazimisha unateleza, unalainisha pembe za nati na kukuchubua vidole.

Kisha racheti na boksi spana chache. Hapa kuna neno la kuzingatia: ukubwa wa kijiti cha mraba kinachoingia kwenye boksi. Kuna cha robo inchi, cha 3/8 na cha nusu inchi. Kwa kazi za ndani ya boneti, 3/8 kinatosha. Cha nusu inchi ni cha matairi na bolti nzito. Mwanachuo akinunua mkono mmoja wa 3/8, kipande kimoja cha kurefushia, boksi za namba 8, 10, 12 na 14, na boksi refu la plagi, ameshapata karibu kila kitu kilichokuwa na maana kwenye lile boksi la vipande mia. Boksi la plagi liwe na mpira au sumaku ndani ya kushika plagi isidondoke.

Chagua boksi zenye pembe sita kwa ndani badala ya kumi na mbili. Pembe kumi na mbili zinaingia haraka, lakini pembe sita zinashika ubapa wa nati na si ncha zake. Kwenye gari lenye kutu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nati itafunguka au itabaki mviringo kama shilingi.

Ongeza bisibisi mbili, ya flati na ya nyota, za ukubwa wa kati, na plaisi moja ya kawaida. Angalia pia skrubu za nyota kwenye gari lako: nyingi za Kijapani zimechongwa kwa kipimo chao, na bisibisi isiyokaa sawasawa hupanda juu na kula kichwa. Ijaribu, ikae bila kuchezacheza, ikandamize kabla hujazungusha.

Vipi ile ya kurekebishika, ambayo mafundi wameipa jina la spana malaya kwa kuwa inakubali kila nati? Iwe nayo ya dharura, kwa bomba la hosteli au kitanda kilicholegea. Kwenye injini iache. Mdomo wake hulegea kidogo kila unapozungusha, na nati za injini hazisamehi.

Ukifungua betri, anza na hasi, ile nyeusi, na ukirudisha iwe ya mwisho. Sababu yake ni hii: bodi lote la gari limeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako ikigusa bodi umeunganisha chanya na hasi kwa chuma kitupu. Cheche zitaruka, na spana inaweza kuwa nyekundu kama mkaa ukiwa umeishika. Vua na pete pia.

Hesabu ya nati ya tairi

Wasomi wa fizikia watafurahi hapa. Kubana nati ni nguvu mara urefu wa mkono. Kwa magari madogo mengi ya Toyota, nati ya tairi inatakiwa ibanwe kwa newtoni mita 103. Ukitumia spana yenye mkono wa sentimita 25, unahitaji newtoni 412, sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 42 kwenye ncha yake. Ukiwa na mkono wa sentimita 50, kilo 21 zinatosha.

Hesabu hiyo inaeleza vituko viwili vya barabarani. Cha kwanza ni mtu kupanda juu ya spana kwa miguu wakati wa kubana. Mwenye kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mkono wa sentimita 50 amebana kwa zaidi ya newtoni mita 340, mara tatu ya kinachotakiwa. Uzi wa bolti unavutika, na siku moja unakatika. Cha pili ni dereva kushindwa kabisa kufungua tairi usiku barabarani. Mara nyingi nati hizo zilibanwa na mashine ya upepo kwa mziba pancha, halafu yeye ana kile kispana kifupi kilichokuja na gari. Kwa hiyo ukitoka kuziba pancha, egesha pembeni, legeza nati zako moja moja na uzibane upya kwa mkono, kwa spana ileile utakayokuwa nayo safarini. Ukishindwa kuzifungua mchana ukiwa karibu na chuo, heri umejua mapema. Hakikisha pia kwamba hakuna nati ya usalama yenye umbo la pekee. Kama ipo, ufunguo wake lazima uwe kwenye gari.

Spana ya msalaba yenye namba 21, au mkono mrefu wa nusu inchi na boksi lake, ni ununuzi mzuri kuliko ile ya asili. Kuna na toki renchi, ambayo unaipangia namba nayo inatoa mlio wa "ka!" ikifika. Ni nzuri sana, ila ni ya gharama, na inafaa kununuliwa kwa kuchangia. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi isichoke.

Jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kushikilia

Sasa tumefika kwenye kile kifaa kimoja. IST ina uzito wa karibu tani moja. Ile jeki ya mkasi iliyo kwenye gari ilitengenezwa kwa kazi moja: kuinua kona ya gari ili ubadili tairi ukiwa umechuchumaa pembeni. Haikutengenezwa ili mtu alale chini ya gari. Inasimama kwenye kitako kidogo, na gari likisukumwa kidogo tu, au ukivuta spana kwa nguvu, inaweza kulala. Hata jeki ya mafuta yenye magurudumu inategemea mpira mdogo ndani yake usiruhusu mafuta kupita. Mpira ukichoka, gari linashuka bila kuuliza nani yuko chini.

Sheria ni moja: hakuna sehemu ya mwili wako inayoingia chini ya gari lililoinuliwa kama halijakaa kwenye stendi za chuma. Matofali hapana, maana tofali linabeba vizuri kisha linapasuka ghafla. Gogo hapana. Rimu zilizopangwa hapana. Nunua stendi mbili zenye maandishi ya uzito zinaobeba, tani 2 au zaidi, zenye miguu mipana na pini ya kufunga. Hizi ndizo usizitafutie bei chee. Kama huna fedha ya stendi, basi huna kazi ya chini ya gari. Mpelekee fundi oili yako, akumwagie kwenye shimo lake.

Kwenye ukingo wa chini wa bodi, karibu na kila tairi, kuna sehemu zilizokatwa vipande viwili kuonesha jeki ikae wapi. Ukiweka kwingine unabonyeza bodi. Egesha sehemu tambarare na ngumu. Waliosoma Mlimani wanajua eneo lile lilivyo na miteremko, kwa hiyo msitengeneze gari mahali lilipozimikia kama panateremka. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P au gia ya kwanza, weka kabari kwenye tairi la upande wa pili. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Ukirudisha, bana kwa kurukaruka, upande huu kisha upande wa pili, usiende kwa kufuatana kama saa.

Dukani ufanye nini

Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, kuna vifaa vya kila daraja, vipya na vilivyotumika. Usiende mikono mitupu. Nenda na bolti moja ya namba 10 mfukoni. Ingiza kwenye boksi na kwenye spana, tikisa. Ikichezacheza pale dukani, kwenye gari itakula pembe. Zungusha racheti sikioni: meno yawe yanasikika sawasawa, na ukibadili upande isikwame. Tafuta maandishi ya kromu-vanadi, mara nyingi Cr-V, yawe yamegongwa kwenye chuma chenyewe. Kibandiko cha karatasi hakithibitishi kitu. Maandishi pekee hayatoshi, maana kila mtu anaweza kugonga herufi, lakini pamoja na uzito mkononi na ukaaji mzuri kwenye bolti, unapata picha. Spana iliyotumika ya kiwandani inayoaminika, hata ikiwa imechakaa rangi, mara nyingi itaishi kuliko mpya inayong'aa. Vitu vya kubeba uzito ndivyo vya kununua vipya.

Kazi za kumwachia fundi

Kuwa na spana si kuwa fundi. Breki, usukani, mifuko ya hewa ya usalama na bomba za petroli viache kwa anayezijua. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na tambara nene. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hukaa majimaji hata yakipita nyuzi 100, na ukifungua tu mgandamizo unaondoka, yanachemka palepale na kukurukia usoni.

Ila kuna tofauti ya kwenda gereji mikono mitupu na kwenda na namba. Ukimwambia fundi "gari linasumbua", umempa ruhusa ya kubahatisha kwa fedha yako. Ukimwambia "asubuhi betri inasoma 12.5, likiwaka inabaki 12.4, mkanda wa altaneta upo na haujalegea", mazungumzo yanaanza mbali zaidi. Fundi mzuri atafurahi. Asiyefurahi umeshamjua.

Oili chafu nayo ina mahali pake. Usiimwage kwenye mtaro nyuma ya hosteli, maana mvua itaipeleka kwenye maji ya watu. Iweke kwenye dumu uipeleke gereji, wana pipa lake.

Ununue lini

Tuigawe kwa bumu tatu. La kwanza: geji, mita, tochi, glavu, pakiti ya fyuzi, na pembetatu za tahadhari kama hazipo. Wakati huohuo hakikisha jeki, spana ya tairi na tairi la akiba vimo kwenye buti na vinafanya kazi. La pili: spana namba 8 hadi 19, racheti ya 3/8 na boksi zake, bisibisi, plaisi, spana ya msalaba, na waya za kubustia betri, zile nene. Nyembamba zinapata moto na gari haliwaki. La tatu: stendi mbili, kabari, beseni la oili, na kifungulio cha chujio kinacholingana na chujio lako.

Kwa vile vya bumu la tatu, pamoja na toki renchi na jeki ya magurudumu, hakuna sababu kila mtu awe na vyake. Stendi zinatumika mara chache kwa mwaka. Watu watano wenye magari wakichanga, kila mmoja anatoa sehemu ndogo na wote wanapata vya kiwango. Kinachoua ushirika wa namna hii ni spana namba 10 kupotea na kila mtu kusema hakuwa yeye. Kwa hiyo liwepo daftari: nani amechukua, lini, amerudisha nini. Boksi liwe na picha ya vifaa vyote imebandikwa ndani ya kifuniko, ili pengo lionekane mara moja. Na iandikwe sheria moja kwa herufi kubwa: anayeazima jeki anaazima na stendi zake, zote mbili, hata akisema anabadili tairi tu.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, fungua buti lako. Toa tairi la akiba ulipime, zungusha jeki uone kama inapanda, jaribu kulegeza nati moja ya tairi. Dakika 10 hizo zitakuambia cha kununua kwanza kuliko muuzaji yeyote wa kwenye foleni.